Wajibu, Dhamana na Kuwajibika: Historia ya Maneno Tunayotumia Kazini

Neno la mtambo au la dawa mpya likitufikia, tunajua mara moja kwamba hatunalo, nasi hukaa tukalitafuta. Taabu kubwa zaidi hutoka kwa maneno tuliyonayo kwa wingi. Mfasiri anayefasiri kanuni za utumishi, mwongozo wa kiwanda au kitabu cha uongozi hufika mahali panapomtaka mfanyakazi aishike kazi yake kuwa yake, aitunze, na aijibie ikiharibika. Hapo hujikuta na maneno tele mkononi: wajibu, jukumu, dhima, daraka, dhamana, uwajibikaji, na siku hizi umiliki. Huchagua mojawapo, aghalabu lile lililomjia kwanza. Mfasiri wa idara ya pili huchagua jingine. Mwisho wake mtumishi mmoja aweza kusoma nyaraka tatu za mwajiri mmoja asijue kama anaambiwa afanye kazi, atoe hesabu ya kazi, au aondoke kazini.

Hilo la mwisho hatulisemi kwa mzaha. Kwa wasomaji wengi wa magazeti ya Tanzania leo, kumtaka kiongozi awajibike ni kumtaka ajiuzulu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi neno la kutenda lilivyofika huko, na jinsi maneno mengine yaliyokuwa yakiibeba maana hiyo yalivyohama mmoja mmoja. Hatutayapima yote kwa kipimo kimoja, kwani mengine historia yake ni ndefu na mengine ni fupi.

Tuanze na pwani. Maneno karibu yote tuliyoyataja yana asili ya Kiarabu, nayo yaliingia katika Kiswahili pamoja na sheria ya dini na mapatano ya biashara. Wajibu ni lile lisiloachika. Dhima ni kifungo kilicho juu ya nafsi ya mtu: deni lisilolipwa hubaki katika dhima ya mdaiwa hata akifa, na hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. (Leo wanafunzi wetu hulijua neno hili zaidi katika fasihi, wanapoulizwa dhima ya mhusika fulani katika tamthilia, deni limetoweka, imebaki kazi anayoifanya.) Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mkononi mwa mwingine, nayo hutakiwa irudi kama ilivyokuja. Dhamana ni kujifunga kwa ajili ya mtu au kitu, ili jambo likienda kombo aliyejifunga ndiye atakayefuatwa. Jukumu peke yake lina sura nyingine. Wako wanaolihusisha na neno jokham la Kigujarati, ambalo maana yake ni hatari, nalo ni neno lililozoeleka vinywani mwa wafanyabiashara. Ikiwa ndivyo, basi aliyebeba jukumu zamani alikuwa amebeba hatari ya hasara, mzigo ulio mzito kuliko orodha ya kazi za siku.

Msomaji ataona kwamba maneno haya yote husema kabla ya jambo kutokea. Mtu huchukua dhamana chombo kingali bandarini, huku shehena ikipakiwa. Tajiri mwenye chombo hubaki mjini, na nahodha huondoka na mali isiyo yake, watu wasio wake, na bahari isiyo ya mtu. Tangu nanga ing'olewe mpaka itiwe tena, chombo ni chake kwa maana moja tu, nayo ndiyo iliyo kubwa: yeye ndiye atakayeulizwa. Neno nahodha lenyewe, lililotoka Uajemi, maana yake ni bwana wa chombo, na hakuna aliyeona ajabu kumwita bwana mtu asiyemiliki hata ubao mmoja wa jahazi lile. Wahenga waliposema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, walikuwa wakilisema jambo hilohilo kutoka upande wa pili.

Bara nako hakukuwa na upungufu. Mnyapara wa msafara alijua idadi ya mizigo na majina ya waliojitwika. Katika kilimo cha pamoja kila mtu alikatiwa ngwe yake, na jioni ilipofika hapakuwa na haja ya kuuliza ni ngwe ya nani iliyobaki na magugu. Ardhi haikuwa ya mlimaji, na pengine wala mavuno hayakuwa yake, lakini ngwe ilikuwa yake.

Ukoloni ulileta namna nyingine ya kuhesabu kazi. Katika mashamba makubwa mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Kadi ikijaa, mshahara hutoka. Nchini Kenya neno hilohilo likawa jina la cheti cha kuandikishwa ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakikivaa shingoni katika kikasha cha bati. Tunalitaja neno hili kwa sababu linaonyesha badiliko lililotokea. Ngwe hupima kazi iliyofanyika. Kipande cha shambani kilipima siku ambazo mtu alionekana. Kazi yenyewe ilikuwa ya bwana, au ya serikali, na mtu aliyehesabiwa kwa siku hakuwa na sababu ya kuiita yake. Desturi hiyo haikuondoka na bendera ya mkoloni. Msemo wa kazi ya serikali, usemwao kwa sauti ya mtu anayeinua mabega, ungali hai katika ofisi zetu.

Uhuru ulikuja na neno daraka, hasa katika wingi wake, madaraka. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kwa maana ya wajibu na jukumu. Kati ya Septemba 1960, Julius Nyerere alipokuwa Waziri Kiongozi, na Mei 1961 alipokuwa Waziri Mkuu, Tanganyika ilipita katika kipindi cha serikali ya madaraka kuelekea uhuru wa Desemba 9, 1961. Kenya ilipata Madaraka Juni 1, 1963, na siku hiyo ingali sikukuu ya taifa. Waliolichagua neno hili walichagua vema. Walitaka kusema kwamba sasa mizigo ya nchi iko juu ya mabega ya wenyewe, na kwamba lawama haiwezi tena kupelekwa London.

Lakini neno likiwekwa juu ya kiti hupanda pamoja na kiti. Mwaka 1972 Tanzania ilipohamishia mikoani shughuli nyingi zilizokuwa za wizara, mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Wananchi wengi walielewa kwamba wakubwa wanahamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani na nguvu zao, na si makosa yao kuelewa hivyo. Leo tunasema mtu amelewa madaraka, anagombea madaraka, ametumia vibaya madaraka. Wajibu haumlevyi mtu, na hatujapata kusikia watu wakipigania mzigo. Neno limegeuka kuwa nguvu na amri, na hatuoni njia ya kulirudisha. Kwa hiyo mfasiri anayeandika leo kwamba kila mfanyakazi ana madaraka juu ya kazi yake asishangae akieleweka kwamba kila mfanyakazi amepewa ruhusa ya kuamrisha.

Mwaka 1967 una nafasi ya pekee katika historia yetu. Mwezi Januari Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali. Februari 5 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria Namba 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa hiyo lugha ya kazi za umma na dhana ya mali ya umma zilianza safari pamoja, na makarani waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza Desemba walitakiwa waandike kwa Kiswahili baada ya mwezi.

Katika upande wa maneno, siasa ya wakati ule ilikuwa na msemo mmoja uliotangulia Azimio na ambao kwa maoni yetu haujapata mfano. Mojawapo ya ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo CCM ilizirithi mwaka 1977, yasema kwamba cheo ni dhamana. Hapo ndipo neno la nahodha lilipoingizwa ofisini. Cheo ni shehena ya mtu mwingine, unaichukua ukijua itahesabiwa utakapofika. Tena msemo haukumngoja mtu akosee. Ulisema naye siku ya kula ahadi.

Lakini ahadi hiyo ilikuwa ya mwenye cheo. Je, asiye na cheo? Mwaka 1970 Waraka wa Rais uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Februari 1971 Mwongozo wa TANU, katika fungu lake la 15, ukawakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Wafanyakazi waliusoma. Kuanzia mwaka huo hadi 1973 kulikuwa na migomo mingi viwandani, na wagomaji walilitaja fungu hilo kwa namba yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe, na Serikali ikawakubalia. Wengine waliojaribu kufuata mfano huo hawakukubaliwa.

Hapa tunaomba tuingize jambo la sarufi, kwani ndilo lililo karibu na kazi yetu. Jina lililoenea katika maandishi ya baadaye kwa jambo hili ni ushirikishwaji wa wafanyakazi. Litazameni neno. Ndani yake mna kiambishi cha kusababisha na kiambishi cha kutendwa: wafanyakazi hawashiriki, wanashirikishwa, na yuko mtu mwingine anayewashirikisha na ambaye aweza kuacha kuwashirikisha kesho. Mabaraza yalikuwa ya kushauri, na neno linasema hivyo waziwazi. Wafanyakazi wa Mount Carmel hawakushirikishwa. Walishiriki, tena bila kualikwa, na pengine ndiyo sababu kisa chao hakina istilahi.

Sarufi hiyo ndiyo iliyoingia katika barua za ofisi. Barua ya kikoloni ya Kiingereza ilikuwa na desturi ya kumficha mwandishi nyuma ya ofisi: hakuandika kwamba ameamua, aliandika kwamba ameagizwa kuarifu. Makarani wa 1967 walipotakiwa kuandika kwa Kiswahili, waliihamisha desturi hiyo nzima. Nimeagizwa nikuarifu. Imeamuliwa. Imeonekana vema. Hatua zitachukuliwa. Tena walikuta Kiswahili kina hazina kubwa zaidi ya Kiingereza kwa kazi hiyo, kwani sisi tuna vitenzi vya kutendeka vinavyoweza kusimulia tukio lote bila mtendaji hata mmoja. Faili limepotea. Mashine imeharibika. Fedha zimetumika. Vocha hazikuonekana.

Hatusemi kwamba vitenzi hivi ni vibaya. Ni sehemu ya adabu ya lugha yetu. Hutusaidia kutomwaibisha mtu mbele za watu, na mgeni akiangusha kikombe, mwenyeji ndiye wa kwanza kusema kimevunjika. Lakini kila mzazi wa Kiswahili anajua mpaka wa adabu hiyo. Mtoto akija kusema kikombe kimevunjika, mama humuuliza: kimevunjika, au umekivunja? Swali hilo, ambalo kila mmoja wetu ameulizwa, ndilo lisiloulizwa katika barua ya ofisi. Karani wa masijala anayeandika kwenye dokezo kwamba jalada halionekani amesema kweli. Hakusema ni nani aliyelitoa mara ya mwisho, na sentensi yake imekamilika bila habari hiyo. Mwalimu anayefundisha uandishi wa barua rasmi na kuwapa wanafunzi mfano wa imeamuliwa bila kuwauliza aliyeamua, anawafundisha zaidi ya barua.

Sasa tuje kwenye kuwajibika. Umbo lake nalo ni la kutendeka, likionyesha mtu aliyefikiwa na wajibu kutoka nje. Hata hivyo lugha ina vitenzi vya umbo hilo ambavyo mtendaji wake ni hai kabisa. Anayeshughulika hushughulika mwenyewe. Kuwajibika kungeweza kukua hivyo, na kwa muda kulikua hivyo: mfanyakazi aliwajibika kufika saa moja na nusu, mzazi aliwajibika kumpeleka mtoto shule. Kilichokigeuza kitenzi hiki, kwa kadiri tunavyoweza kufuata matumizi yake, ni siasa, na hasa tukio moja ambalo watu hulirejea kila mara.

Mwaka 1975 Ali Hassan Mwinyi aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania. Wakati huo mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi, yakiwamo ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Vyombo vya dola vilikamata watu wengi, na baadhi ya waliokamatwa wakafa mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji. Waziri hakuwako, wala hakuamuru. Alimwandikia Rais Nyerere barua ya kuacha kazi, na mwaka 1977 akatoka katika uwaziri, akaenda Misri kuwa balozi. Viongozi wengine nao waliachia nafasi zao kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1984 Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki Februari 29, 2024, kisa hicho kilisimuliwa upya kila mahali, na neno lililotumika kukisimulia lilikuwa moja: aliwajibika.

Katika kitendo kile mlikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba waziri aliihesabu wizara kuwa yake yote, pamoja na vyumba asivyopata kuviingia na watu asiowajua kwa sura. Hii ni hesabu ya nahodha. La pili ni kwamba aliondoka, na hilo lilitokana na la kwanza. Bila ya la kwanza kuondoka kwake kungekuwa kuondoka tu. Lugha ya siasa ililichukua la pili na kuliita kuwajibika. La kwanza, ambalo ndilo gumu, na ambalo lingeweza kuigwa na karani, muuguzi au fundi bila mtu yeyote kuacha kazi, halikupewa jina.

Tofauti hii yaonekana tukiyatazama matukio ya baadaye. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge kuwasilisha taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Alijiuzulu huku akilalamika kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Hatuna nia ya kuhukumu jambo hilo hapa. Tunaloliona ni kwamba yeye naye alisemwa amewajibika, ingawa alikuwa akikana yaliyosemwa juu yake. Kumbe neno lilikuwa limekwisha kukubali kuishi bila maana yake ya kwanza. Desemba 2013, baada ya taarifa ya Bunge juu ya mateso na vifo katika Operesheni Tokomeza iliyowalenga majangili, mawaziri wanne walitoka siku moja. Mmoja alitangaza mwenyewe bungeni kwamba anajiuzulu. Watatu uteuzi wao ulitenguliwa na Rais. Katika mazungumzo ya watu wote wanne waliwekwa kapu moja, ingawa sarufi inawatenganisha vizuri: mmoja aliwajibika, watatu waliwajibishwa. Kuwajibisha nako, ambako kwa haki ya umbo lake kungekuwa kumfanya mtu atimize wajibu, kumekuwa jina la heshima la kufukuza.

Wala lugha haikuwa na upungufu hata ikahitaji kukopa huko. Tuna kujiuzulu, kutokana na uzulu, kumwondoa mtu katika cheo. Anayejiuzulu anajiondoa mwenyewe, na hakuna shaka ndani yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo haikulitumia neno kwa maana hiyo. Ibara ya 8, iliyoingia kwa mabadiliko ya mwaka 1984, inasema kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, na hapana anayedhani kwamba Katiba inaitaka Serikali ijiuzulu kila asubuhi. Inaitaka itoe hesabu. Katika miaka ya 1990 uwajibikaji uliunganishwa na uwazi, na maneno hayo mawili yakawa yakitembea pamoja katika kila mradi na kila semina kama mtu na kivuli chake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, inaweka uwajibikaji miongoni mwa tunu za taifa, nako pia maana ni kujibu kwa kazi uliyopewa.

Kuna neno moja ambalo halikupotoka, labda kwa sababu limebaki katika chumba kidogo. Katika sheria na taratibu za fedha za umma, mtendaji mkuu anayejibia matumizi ya fungu lake, kwa mfano Katibu Mkuu wa wizara, huitwa afisa masuuli. Wengi hulitumia bila kujua maana yake ya ndani. Masuuli ni mtu anayeulizwa. Latoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa swali. Mkaguzi akifika, swali halizunguki ofisi nzima likitafuta mtu wa kulipokea. Jina linajulikana tangu mwaka wa fedha ulipoanza. Hatuwashauri wafasiri wamwite kila mtumishi masuuli, kwani neno lina makao yake ya kisheria, lakini tungependa waikumbuke maana hiyo wanapotafuta la kumpa mwenye bohari au mkuu wa zamu.

Limebaki neno jipya, umiliki. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu misaada liliweka kanuni ya kwanza kwamba nchi zinazopokea ziwe ndizo zenye kushika mipango yao, na wafasiri wengi wakaandika umiliki. Kutoka hapo neno likashuka katika mafunzo ya watumishi, ambako mfanyakazi huambiwa awe na umiliki wa kazi yake. Sisi hatuna furaha na matumizi hayo. Kumiliki ni jambo la hati: nyumba, kiwanja, hisa. Mfanyakazi hana hati ya kazi yake, na mwajiri anayemwambia kwamba anaimiliki anajua vema kwamba aweza kumwondoa kwa barua ya ukurasa mmoja. Waliofanya kazi katika mashirika ya umma wanakumbuka kwamba waliambiwa wao ndio wamiliki, na wanakumbuka pia kwamba mashirika mengi yalipouzwa katika miaka ya 1990 hawakuulizwa. Ndiyo maana mtu wa makamo akisikia umiliki katika semina hutabasamu. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 27, haiishii katika maneno ya hati. Inawapa wajibu wa kulinda mali ya pamoja, na kuendesha uchumi kwa uangalifu wa watu ambao wao wenyewe ndio watakaoamua hali ya taifa lao.

Kiswahili kina njia iliyo fupi zaidi, nayo haikuhitaji kikao. Ni mwenye. Mwenye shughuli katika harusi hamiliki ukumbi, pengine hata viti ni vya kukodi, na sufuria ameazima kwa jirani. Lakini mchele ukipungua watu humtazama yeye, naye halali usiku ule. Sheria zetu nazo zimelijua neno hili kwa miaka mingi, zinapomtaja waziri mwenye dhamana. Maneno haya mawili yakikaa pamoja, mwenye na dhamana, husema kila alichokisema nahodha: mali si yangu, lakini niulizeni mimi. Tunajua kwamba dhamana ina mashaka yake, kwa kuwa mahakamani ni jambo la mtuhumiwa kuachiwa, na mtu akisikia kwamba bosi wake amepewa dhamana aweza kufurahi kwa sababu isiyo yetu. Muktadha hutosha kuyaondoa mashaka hayo.

Kwa hiyo, hadi hapo kamati ya istilahi itakapoamua vinginevyo, sisi huwashauri wafasiri waiache dhamana iseme mwanzoni, kazi inapokabidhiwa. Wajibu na majukumu yaseme kinachotakiwa kufanywa. Uwajibikaji useme hesabu itolewayo, iwe ya mafanikio au ya hasara. Na mtu akiondoka, isemwe amejiuzulu au ameondolewa, kwa kadiri ilivyotokea. Walimu wa uandishi wa barua tungewaomba jambo moja zaidi, kwamba kila sentensi ya kutendeka katika daftari la mwanafunzi iulizwe swali la mama.

Tumalizie kwa mfano. Katika rasimu ya mwongozo wa watumishi iliyoletwa kwetu tuitazame, palikuwa na sentensi iliyosema: “Umiliki wa majukumu utazingatiwa na uwajibikaji utaimarishwa katika ngazi zote.” Ni sentensi safi kisarufi, na mtu aweza kuisoma mara kumi asimwone binadamu ndani yake. Sisi tuliirudisha hivi: “Kila kazi itakuwa na mwenyewe. Jina lake litaandikwa juu ya jalada siku kazi inapoanza, na swali lolote juu ya kazi hiyo ataulizwa yeye.” Waliotuletea walijibu kwamba maana ni ileile, ila yetu ni kali kidogo.